Lori la Baba Katikati ya Ukuta

3 Mei

Kaka,

Usishangae kupata barua wakati namba yako ya simu ninayo. Simu unaikata. Kila nikikuuliza habari za picha za baba, ghafla mtandao wa huko kwenu unakuwa mbovu, na wewe ni fundi wa lifti za maghorofa, si mtu anayeishi pangoni. Karatasi haikatwi. Utaisoma mpaka mwisho hata kama utanuna.

Habari yenyewe ni hii: mkutubi wa maktaba ya manispaa amenipa ukuta. Si fremu mbili tatu za kutundika kwenye korido kama siku zote. Ni ukuta mzima wa ukumbi wa kusomea, kuanzia mlangoni mpaka madirishani. Jengo limekarabatiwa, wanalifungua upya, na wanataka kitu cha kuonyesha tulikotoka. Nimewaambia nitawabandikia tulikotoka, ila wasije wakanilaumu.

Kazi ni ile ile unayoijua, vipande juu ya vipande, mkasi, wembe na gundi ya unga wa ngano. Chumbani kwangu hakuna pa kukanyaga. Anga nimeitengeneza kwa yale matangazo ya amri ya kutotoka nje, karatasi zimeshageuka rangi ya chai. Barabara ni nyuso za wakubwa wote waliotutawala, nimezichana nyembamba mpaka hujui jicho linalokutazama ni la nani. Kuna noti zilizofutwa, kadi za mgao wa sukari, karatasi za kura ambazo hazikuhesabiwa, na kola ya sare yangu ya shule. Watu wa mtaani wananiletea vitu vyao. Hata fundi cherehani wa chini, yule tunayemwita Sindano kwa jinsi anavyochoma kwa maneno, kanipa mfuko mzima wa vitambaa bila kunisema neno.

Katikati namtaka baba. Simtaki baba wa harusi wala wa kitambulisho. Namtaka yule aliyeegemea lori lake la taka, lile tipa, mkono mmoja dirishani, na yale maneno "Tutafika" aliyoyapaka mwenyewe juu ya kioo. Mama anasema ulikwenda nayo hiyo picha. Nitumie. Ufunguzi ni mwisho wa Juni, na kila siku nahamisha vitu kumwachia nafasi.

Mama hajambo, magoti tu. Anakusalimu.

Mdogo wako,
Kitinda


19 Mei

Kitinda,

Nilinuna, kisha nikasoma mpaka mwisho kama ulivyosema. Hongera kwa ukuta. Huku nimemwambia kila mtu kazini kwamba mdogo wangu ni msanii, na msimamizi wangu ameuliza kama unachora mabango ya duka.

Ndani ya bahasha utakuta picha nilizo nazo: baba na mama siku ya harusi, mimi na baiskeli ya kuazima, wewe umekaa ndani ya beseni unalia. Ile ya lori sina. Nimehamahama sana, lazima ilibaki katika chumba kimojawapo. Na hata ningekuwa nayo, ina uzuri gani? Ina ukungu, na watu watasema umempa gari la uchafu ukumbi mzima. Baba alikuwa na suti nzuri ya kijivu. Mweke na suti. Nakuomba kama kaka yako, lori liache.

Kazi ipo. Kuna lifti moja katika jengo la ofisi inasimama katikati ya ghorofa bila sababu. Nimebadilisha waya, nimebadilisha breki, bado inasimama. Watu walio ndani wanabonyeza kengele. Siku hizi naisikia ile kengele hata nikiwa nyumbani nakunywa chai, nainuka, nazunguka chumba, nakaa tena. Sijui kwa nini nakuandikia haya.

Mama ameshauona huo ukuta? Nijibu hilo kwanza.

Kaka yako


2 Juni

Kaka,

Najibu hilo kwanza: hajauona. Nimembembeleza aje maktaba, anasema magoti. Lakini sokoni magoti yanampeleka, na kwa rafiki zake pia yanampeleka. Nilipomwambia nataka picha ya lori, aliniambia niongee na wewe, akaingia jikoni na kuanza kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nyie wawili mna nini?

Basi nimejitafutia mwenyewe. Yule mzee mpiga picha wa kona, aliyefunga studio, bado ana masanduku ya filamu za watu wote wa mtaa. Baba alikuwemo. Amenisafishia picha kubwa kama mlango. Na haina ukungu hata kidogo. Ameegemea lori, anacheka, unaona mpaka bampa lilivyobonyea. Nimeshambandika.

Pembeni yake nimeweka ile picha ya siku ya mkate. Unakumbuka? Kila mwaka, ukifika msimu wa baridi, baba alikuwa anatupakia kwenye lori mpaka nyuma ya tanuri la matofali, tunakula mkate na mayai ya kuchemsha, tunakunywa soda, na mimi napiga kelele mpaka sauti inakauka. Mahali penyewe pabaya, udongo mwekundu na mashimo, ila kwangu hapakuwa na siku iliyoipita ile. Wewe ulikuwa umeshaota ndevu, unakaa mbali na kununa. Baba mwenyewe alikuwa hali, anatutazama tu. Katika picha nimepanda mabegani kwake na mdomo wangu uko wazi kama kisima. Nikiulizwa utoto wangu ulikuwaje, naonyesha hiyo.

Na jambo moja zuri zaidi. Sindano aliniita dukani kwake akanipa picha ya kaka yake, ya kitambulisho cha kiwanda cha nguo. Kumbe alikuwa na kaka. Alitoka kwenda kwenye maandamano ya wafanyakazi mwaka ule wa fujo, na mpaka leo hakuna aliyewaambia alipo. Hakuna kaburi. Sindano alisema, "Muweke mahali ambapo hatakuwa peke yake." Nimefikiri sana nimuweke wapi. Mwishowe nimempandisha nyuma ya lori la baba, kana kwamba baba kamsimamia njiani anamrudisha nyumbani. Gundi imeshakauka, wameshikana. Sindano hajaona bado. Atamwona siku ya ufunguzi.

Niambie basi kwamba ni pazuri, japo umenuna.

Kitinda


5 Juni

Mwanangu,

Miwani yangu imevunjika mkono, naandika kwa shida, nisamehe mwandiko.

Leo nilikwenda maktaba bila kumwambia mdogo wako. Amelibandika lori. Na nyuma yake amempandisha yule kijana, kaka yake fundi cherehani. Hajui alichofanya.

Marehemu baba yako alituapisha wote wawili, mimi kabla yako. Nimeshika kiapo mpaka kimeniota mwilini. Lakini yule mwanamke anaishi chini ya chumba cha mwanangu, ananisalimia kila asubuhi, na mimi namwitikia. Sasa itakuwaje? Nikisema mimi, nitasema vibaya, nitalia, mtoto hataelewa. Baba yako alikusimulia wewe yote, mimi alinisimulia nusu. Mwandikie.

Mama yako


13 Juni

Kitinda,

Ondoa lile lori. Na yule kijana mtoe hapo, kabla dada yake hajaona. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu ungeniuliza kwa nini; usiniulize sasa hivi, nitakueleza. Nimeanza barua ya kukueleza, nimeichana, nimeanza nyingine. Ondoa kwanza. Weka suti ya kijivu, weka mimi na baiskeli, weka chochote.

Kaka yako


27 Juni

Kaka,

Barua yako imefika leo. Ufunguzi ulikuwa juzi.

Nakusimulia ili ujue. Ukumbi ulijaa. Watu wananyoosheana vidole ukutani, huyu kaona kadi yake ya sukari, yule kaona sauti ya mama yake, ndivyo alivyosema, sauti, kwa sababu ya kipande cha kanga ya zamani. Nilikuwa nimesimama karibu na mkutubi, nimevimba kichwa. Sindano akaingia na nguo aliyojishonea kwa siku hiyo. Akaanza mlangoni, akaja polepole, anagusa vitambaa vyake kimoja kimoja. Akafika kwa baba.

Akaniuliza, "Dereva huyu ni nani wako?" Nikasema ni baba, kwa fahari, kaka, nilinyoosha mpaka shingo. Akasoma "Tutafika." Akaweka kidole pale bampa lilipobonyea. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayempima mteja kiuno: "Kaka yangu alipakiwa kwenye lori hili. Nilikuwa dirishani."

Nilidhani kachanganyikiwa. Nikaanza kumweleza kwamba lile ni wazo langu tu, kwamba mimi ndiye niliyempandisha. Hakunisikia. Alitoa mkasi kwenye mkoba, akaingiza ncha chini ya ukingo wa picha, akavuta. Alitaka kumtoa kaka yake tu. Lakini nilikwambia, wameshikana. Lori likachanika mpaka kwa baba, na yule kijana akatoka vipande, nusu uso mkononi mwa dada yake, nusu imebaki ukutani. Alipoona hivyo akakaa chini sakafuni. Watu wakamsogelea, mimi wakanikwepa. Mtu mmoja akasema jina la kazi ya baba kama vile anatema mate.

Toka juzi cherehani haijalia. Nashuka ngazi kwa vidole vya miguu. Mama amejifungia chumbani.

Naomba unijibu swali moja bila kuzunguka. Baba aliua watu?

Kitinda


8 Julai

Mdogo wangu,

Baba hakuua mtu. Naanza na hilo, lakini usipumue bado.

Siku ya maandamano alikuwa zamu katika gereji ya manispaa. Madereva wengine walikuwa wamegoma. Yeye hakugoma kwa sababu mama alikuwa mjamzito, mimba yako, na alikuwa anaogopa kufukuzwa. Askari wakaja wakataka gari kubwa. Mmoja akapanda mbele naye na bunduki. Wakamwelekeza mpaka kwenye mzunguko wa barabara karibu na kiwanda cha nguo, na pale askari wakapakia watu. Wote walikuwa wameshakufa. Hivyo ndivyo baba alivyoniambia, na sikuthubutu kumuuliza mara ya pili. Hakujua jina la hata mmoja. Wakamwambia aendeshe mpaka nyuma ya tanuri la matofali, kwenye mashimo ya udongo. Walipomaliza, yule wa mbele akamwambia, "Una mtoto, na mwingine yuko njiani." Basi. Hakutishwa kwa maneno mengine.

Aliomba abadilishiwe lori, wakakataa. Alilisafisha, akaendelea kubeba taka za mji kwa lori lile lile mpaka alipostaafu.

Siku ya mkate haikuwa sherehe yetu, Kitinda. Ilikuwa siku yenyewe, ikirudi kila mwaka. Asingeweza kwenda peke yake, wangemshuku. Lakini dereva na familia yake wanakula mkate, nani atauliza? Mimi nilikuwa nanuna kwa sababu sikuelewa kwa nini tunapelekwa mahali pabaya hivyo, nilidhani baba ana wazimu. Alinieleza alipokuwa mgonjwa, akiwa amelala kitandani, anatazama dari. Alisema hakutaka pale pawe kimya mwaka mzima. Alitaka pawe na sauti za watu. Ndiyo maana alikuwa anakubeba mabegani. Wewe ndiye uliyekuwa na kelele kuliko sote.

Kwa nini hakusema? Mwanzoni wale waliomtuma ndio waliokuwa wanatawala. Walipoondoka wakaja wengine, na miongoni mwao wamo waliokuwa na sare siku ile. Kila mara alisema angoje wanaofuata. Kisha nadhani aibu ikakomaa, hata ruhusa ingekuja asingeweza. Alituapisha tusikwambie kwa sababu ya ile picha ya siku ya mkate. Alisema, "Mwacheni na siku yake."

Niliondoka nyumbani miezi michache baada ya kumzika. Picha ya lori ninayo, iko kwenye sanduku la zana. Nilikudanganya.

Mpe mama barua hii aisome. Mengine fanyeni mnavyoona.

Kaka yako


22 Julai

Kaka,

Nimemkasirikia baba, nikakukasirikia wewe, nikamkasirikia mama, kisha nikajikumbuka ninavyoruka pale juu na chupa ya soda mkononi. Nilicheza juu yao. Kila mwaka. Usiniambie kelele zangu zilikuwa na faida, sitaki kusikia hilo sasa. Labda siku nyingine.

Mama aliisoma, akaikunja, akaomba viatu vyake. Akasema, "Mwite fundi." Nikamwambia siwezi. Akashuka mwenyewe, anashika ukuta, akagonga. Sijui walisemezana nini mlangoni. Nilipochungulia Sindano alikuwa anafunga duka.

Tukaenda kwa teksi, Sindano mbele, mimi na mama nyuma. Tanuri limekufa, limebaki bomba la moshi tu. Mahali penyewe pamezungushiwa mabati, ni uwanja wa kuhifadhi matairi mabovu. Mlinzi hakutaka kutufungulia mpaka mama alipomwambia amekuja kumwona jamaa yake. Mama akaonyesha kwa mkono, kuanzia kwenye bomba mpaka kwenye mtaro. Kote matairi. Sindano alisogeza tairi moja, likamshinda, nikamsaidia. Tukasogeza mengine mpaka ukaonekana ule udongo mwekundu. Alichuchumaa akaushika. Mama alianza kusema pole, Sindano akanyanyua kiganja bila kugeuka.

Tulipofika nyumbani Sindano alikaa kwenye cherehani akaikanyaga mpaka giza likaingia. Nilichungulia. Hakukuwa na kitambaa chini ya sindano.

Maktaba haitulii. Habari imeenea, watu wanakuja na picha za vitambulisho, wananiuliza kama na wa kwao alipanda. Ninawajibu nini? Bwana mmoja wa manispaa alikuja kuomba ukuta ufunikwe kwa muda. Mkutubi alimwambia shuka za kufunikia hana, akamwonyesha mlango. Lakini kazini wameshaanza kumtafutia sababu. Mimi kila siku napanda ngazi na kopo la gundi kuziba palipochanika, naweka hiki, nabandua, naweka kile. Hakuna kinachokaa. Uso wa baba umebaki nusu na wa yule kijana nusu, na sina mkono wa kugusa hata mmoja wao.

Leo Sindano alipanda juu kwangu kwa mara ya kwanza toka siku ile. Hakukaa. Alitaka anwani yako. Nimempa, sikumuuliza ya nini.

Kitinda


30 Julai

Kwako fundi wa lifti,

Mimi ni fundi cherehani wa chini ya chumba cha mdogo wako. Hatujuani. Mama yako amenisomea barua uliyoandika.

Sikuandikii kukusamehe, hukunikosea wewe. Wala sikuandikii kumshukuru baba yako. Miaka yote hiyo nilikuwa nampa salamu akipita kwa miguu, bila kujua kwamba ndiye dereva wa lori lile, na aliitikia. Hilo nalo sijui nilipeleke wapi.

Nina swali moja. Mimi naishi karibu na njia ya kwenda dampo. Nimeyaona malori yale yanavyofanya kazi. Linarudi nyuma, bodi inanyanyuka, vitu vinamwagika, linatikiswa ili vilivyonata vidondoke. Toka siku ile ya dirishani siwezi kuona bodi ya lori ikinyanyuka. Nageuza uso. Wateja wanadhani nina maringo. Mama yangu alikufa na swali hili, hakulitamka, lakini nilimwona na yeye anageuza uso.

Kaka yangu alimwagwa?

Mama yako anasema nusu hiyo hakuambiwa, labda wewe unajua. Nijibu kweli. Usinipambie. Kama hujui, andika hujui, nitaelewa.

Fundi


10 Agosti

Dada,

Hakumwagwa.

Sikuwepo, kwa hiyo nakupa kama nilivyopewa na baba, bila kuongeza. Walipofika kwenye mashimo askari walimwamuru anyanyue bodi. Baba akavuta mkono wa jeki inayonyanyua bodi, akawaambia jeki imekufa. Wakamwambia ajaribu tena. Akajaribu, akasema imekufa, ni gari bovu la manispaa, hata asubuhi ilikuwa inasumbua. Yule wa mbele alimpiga kwa kitako cha bunduki mbavuni, na mbavu hizo zilimuuma mpaka anakufa, nyumbani tulijua ni ajali ya gereji. Wakamwambia basi atawashusha mwenyewe.

Akapanda nyuma. Aliwashusha mmoja mmoja, kwa mikono. Alikuwa anamshika mtu chini ya makwapa, anashuka naye, anamlaza, anapanda tena. Ilichukua muda mrefu na askari walikuwa na haraka, mwishowe wawili kati yao, vijana, waliweka bunduki chini wakaja kumshikia miguu. Hakuna aliyewaamuru. Baba alisema mmoja wao alikuwa analia huku anamtukana.

Aliwalaza chali, bega kwa bega. Shuka hakuwa nazo. Alikuwa na turubai la lori, akawafunika nalo kabla ya udongo. Kuhusu kaka yako mwenyewe, yupi, alivaaje, hayo sijui. Baba hakuwajua, na mimi siwezi kukutungia.

Nimeomba likizo kazini, nakuja mwisho wa mwezi. Nitakuja kwako kwanza, kabla ya kwenda kwa mama, ukikubali kunifungulia.

Nilimuuliza baba siku ile kwa nini jeki ilikufa saa ile ile, maana mimi ni fundi, nilitaka kujua ni mafuta au ni mpira. Akageukia ukutani.

Jeki ilikuwa nzima.

Mtoto wa dereva